Klabu za michezo na kodi ya majengo: sheria inasamehe nyasi au inasamehe watu?

Mhazini wa Mashariki (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, heshima zenu. Mimi ni mhazini wa klabu ya michezo katika mji mmoja wa mashariki mwa Uganda. Ni klabu ya zamani yenye kiwanja cha mpira, viwanja viwili vya tenisi, chumba cha skwoshi, jengo la kupumzikia lenye baa, na ukumbi tunaoukodisha kwa harusi na mikutano. Kwa muda mrefu hatukuletewa hati ya madai ya kodi ya majengo, na wazee walituachia kauli kwamba klabu ya michezo haitozwi.

Baada ya tathmini mpya ya majengo mjini, hati imekuja. Nimekwenda kuitazama orodha ya tathmini kwa macho yangu. Mali yetu yote imeandikwa kwenye mstari mmoja: safu ya matumizi inasema "biashara", safu ya maelezo inasema "klabu na baa", kisha imewekwa thamani moja kwa eneo zima, bila kutenga jukwaa la watazamaji, vyumba vya kubadilishia nguo, skwoshi wala ukumbi. Kamati imegawanyika. Wapo wanaosema tulipe tuyamalize, wapo wanaosema tusilipe hata shilingi kwa kuwa sisi ni wanamichezo, na wapo wanaopeperusha cheti cha msamaha kutoka Mamlaka ya Mapato kana kwamba kinafungua kila mlango. Naomba anayeijua sheria atueleze: klabu ya michezo husamehewa kwa jina lake, kwa kiwanja chake, au kwa sababu gani?

Wakili wa Mto Nile

Ndugu Mhazini, umeuliza vizuri, na nitaanza na hicho cheti kwa sababu ndicho kinachowapotosha wengi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Uganda inakiweka chama cha michezo ya ridhaa miongoni mwa taasisi zinazoweza kusamehewa kodi ya mapato, mradi kamishna awe ametoa uamuzi wake kwa maandishi. Msamaha huo unahusu mapato, na mwenye kuutoa ni Mamlaka ya Mapato. Kodi ya majengo hutozwa na serikali ya mtaa chini ya Sheria ya Tathmini na Utozaji ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2005, na mamlaka ya kutoza yanatokana na Ibara ya 191 ya Katiba. Ukipeleka cheti cha huku kule, karani wa mji atakusikiliza kwa adabu, kisha atakurudishia hati yako ya madai ukiwa umepoteza siku nzima. Vilevile msiichanganye kodi hii na kodi ya ardhi mnayolipia hati ya kupangishwa, wala na leseni ya biashara ya hiyo baa. Hivyo ni vitu vitatu mbalimbali, na msamaha wa kimoja hauvigusi vingine.

Sasa nije kwenye msamaha wenyewe. Sheria ya 2005 ina jedwali la mali zisizotozwa: makazi rasmi ya Rais, makazi rasmi ya viongozi wa jadi, nyumba za ibada, makaburi, taasisi za hisani na za elimu zenye sura ya umma, na nyinginezo. Nyumba ya kuishi ambayo mwenyewe anaishi ndani yake nayo haitozwi. Michezo imo, lakini isomeni kwa makini. Kinachosamehewa ni mali inayotumiwa kwa michezo ya nje au burudani ya nje, iliyo chini ya shirika la michezo lililokubaliwa na waziri. Masharti hayo yanakwenda pamoja. Matumizi yawe ya michezo, michezo yenyewe iwe ya nje, na shirika liwe na kibali cha waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Klabu iliyotimiza mawili ikakosa la tatu haina msamaha, hata kama ina vikombe vya kujaza kabati.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba jina halitoshi, na kiwanja peke yake hakitoshi. Swali la kwanza ambalo kamati yenu inapaswa kulijibu ni hili: klabu yenu imo katika tangazo lolote la waziri, au mliishi tu kwa kuwa hakuna aliyewafuata?

Mhazini wa Mashariki

Wakili, nashukuru. Kwa kweli katika makabati ya klabu nimekuta kumbukumbu za mikutano, risiti za rangi ya ukuta na barua za mialiko ya mashindano, lakini sijakuta karatasi yoyote ya waziri.

Mthamini Mstaafu

Mwanangu Mhazini, nilifanya kazi ya uthamini kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na mstari huo mmoja wa orodha unanihangaisha zaidi ya suala la waziri. Acha nieleze jinsi kazi inavyofanyika, kwa sababu wenye mali wengi hudhani kodi hii hukadiriwa kwa kutazama ukubwa wa uwanja.

Katika Uganda tunathamini jengo kwa kuuliza lingepangishwa kwa kiasi gani kwa mwaka. Kutoka katika kodi hiyo ya pango ya mwaka tunaondoa makato ya matengenezo na gharama nyingine, na kinachobaki ndicho thamani inayotozwa. Baraza kisha huamua asilimia, ambayo sheria imeiwekea kikomo cha 12. Kampala hutoza asilimia 6. Chukua mfano wa kubuni: thamani inayotozwa ikiwa shilingi milioni 40 na baraza likitoza asilimia 6, hati itakuja na shilingi 2,400,000. Lakini kama baa na ukumbi peke yake vina thamani ya milioni 15, na sehemu nyingine ikasamehewa, hati hiyo inashuka hadi 900,000. Tofauti hiyo ya milioni moja na nusu inatokana na kugawanywa kwa mstari.

Jambo la pili ni kwamba sheria yetu inapoeleza mali inayotozwa, inataja majengo na miundo ya kila aina, na inakiacha nje kiwanja kitupu. Nyasi za mpira, kwa mtazamo wangu, hazikuwa na thamani ya kutozwa hata kabla hatujafika kwenye jedwali la misamaha. Nguzo za goli zinaweza kuleta ubishi wa kisheria, nao wanasheria waubishanie, lakini sijapata kumwona mthamini mwenye akili timamu akikadiria kodi ya nguzo za goli. Kinachotozwa ni jukwaa, vyumba vya nguo, jengo la baa, ukumbi, bwawa kama lipo. Ndiyo maana msamaha wa michezo katika nchi hii unagombaniwa ndani ya majengo yaliyo kando ya uwanja, huku uwanja wenyewe ukiwa haugombaniwi na mtu.

Nenda ukaulize mthamini alipata wapi neno "biashara". Mara nyingi msaidizi hufika siku ya kazi, akakuta lango la uwanja limefungwa, baa ikiwa wazi na kibao cha bia kimening'inia mlangoni. Akaandika alichokiona.

Nyasi Kavu

Mnaongea kwa utaratibu mzuri, lakini mimi naliona jambo lenyewe kuwa halina haki tangu mwanzo. Klabu za gofu zilizoanzishwa enzi za wakoloni zimekaa juu ya ardhi bora kabisa ya miji yetu, Kitante kule Kampala, Entebbe, Jinja. Gofu ni mchezo wa nje bila ubishi wowote, na wanachama wake si watu wa kuhesabu sarafu. Kwa nini mama mwenye duka la chumba kimoja alipe, na wao wapate njia ya kuomba msamaha?

Kocha wa Katwe

Nyasi Kavu amenitangulia, nami nitalichukua kutoka upande wa pili. Nafundisha ngumi. Vilabu vyetu vya Katwe na Naguru, mitaa ya Kampala, vinafanyia mazoezi ndani ya vyumba na mabanda, kwa sababu ulingo na mifuko ya kupigia haviwezi kuachwa mvuani. Vijana wanaofika kwangu hawalipi ada kwa kuwa hawana cha kulipa. Kwa maneno aliyoyaeleza Wakili, sisi hatumo kabisa, kwani ngumi si mchezo wa nje. Vivyo hivyo mpira wa meza, judo, kunyanyua vyuma, na sataranji ambayo iliitangaza Katwe duniani. Yaani sheria inampokea mwenye mashimo 18 ya gofu na inamkataa mwenye ulingo mmoja wa mbao, na sababu ni paa.

Tena hata tungeingizwa, tusingenufaika. Kodi ya majengo humwangukia mwenye jengo, nasi ni wapangaji. Msamaha ungeishia mfukoni mwa mwenye nyumba, naye angeendelea kutudai kodi ileile ya chumba.

Wakili wa Mto Nile

Kocha, umegusa kidonda chenyewe, na sitajaribu kukifunika. Maneno "michezo ya nje" yametokana na zama ambapo mtunga sheria alipofikiria klabu ya michezo alikuwa akiona kriketi, tenisi na gofu. Hayamwulizi mtu kama anafungua mlango kwa jirani zake, wala kama wanachama wake wanajiweza. Yanatazama mahali mpira unapodundia. Hata skwoshi ya ndugu Mhazini, ninavyoyasoma, inaponyoka kwenye msamaha huku tenisi ya hatua chache pembeni ikiwa ndani, ingawa wachezaji ni walewale.

Jirani wa Busia

Naandika kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, na niwahakikishie kwamba hamko peke yenu. Sheria yetu ya zamani ya Tathmini kwa ajili ya Utozaji, Sura ya 266, iliiweka "michezo ya nje" katika kifungu cha 27 pamoja na ibada, makaburi, hospitali, shule, taasisi za hisani na mbuga za taifa. Ardhi ilipaswa kutumiwa moja kwa moja na kwa ajili hiyo pekee, na isiwe ya kutafutia faida. Waziri hakuhitajika kuitaja klabu. Unafuu wake ni kwamba klabu ndogo haikuwa na sababu ya kusafiri hadi makao makuu kuomba kibali; ubaya wake ni ubishi usiokwisha kuhusu maana ya "pekee" pale klabu inapouza soda na kuchoma nyama. Sasa tuna sheria ya taifa ya mwaka 2024 iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, na kaunti zinajipanga upya. Ndugu zetu Watanzania, wao tangu 2021 hukatwa kodi ya jengo wanaponunua umeme wa LUKU, kwa hiyo mita ndiyo inayotangulia kukata, kisha maswali yanafuata.

Mganda Ughaibuni

Nimekaa Uingereza muda wa kutosha kuona njia nyingine, nami nadhani inamhusu Kocha moja kwa moja. Huko kuna mpango wa klabu za ridhaa za jamii, ulioanza mwaka 2002. Klabu iliyosajiliwa katika mpango huo hupunguziwa asilimia 80 ya kodi ya majengo ya biashara kwa lazima ya sheria, na baraza la mtaa linaweza kwa hiari yake kuongeza asilimia 20 iliyobaki. Hawaulizi kama mchezo ni wa nje au wa ndani. Ngumi inaingia sawasawa na kriketi. Wanachouliza ni kama klabu iko wazi kwa jamii nzima, kama ni ya ridhaa, na kama kazi yake kuu ni kuwafanya watu wacheze.

Kanuni zilikazwa kuanzia Aprili 2015. Angalau nusu ya wanachama wawe wanashiriki mchezo, ili klabu isigeuke kuwa baa yenye picha za wachezaji ukutani. Mapato ya biashara na watu wasio wanachama pamoja na ya kupangisha mali yasizidi pauni 100,000 kwa mwaka. Klabu ambayo kushiriki kwake kunamgharimu mwanachama zaidi ya pauni 1,612 kwa mwaka haihesabiwi kuwa wazi kwa wote, na hapo ndipo Nyasi Kavu angepata jibu lake kuhusu gofu ya matajiri. Tena klabu ikivunjwa, mali haigawanywi kwa wanachama. Inabaki kwa michezo ya jamii au kwa hisani.

New Zealand wana yao. Sheria yao ya 2002 inasamehe nusu ya kodi ya ardhi inayotumiwa na chama kwa michezo, lakini inazitoa nje mbio za farasi na za mbwa, na klabu yenye leseni ya kuuzia wanachama pombe haipati nafuu hiyo kwa ardhi inayohusika. Ndugu Mhazini, baa yenu ingewagharimu sana kule.

Diwani wa Kata

Nimesoma kwa utulivu, nami naomba upande wa baraza usikike, maana katika nyuzi za namna hii baraza huwa ni mwizi kabla halijafungua kinywa. Kodi ya kichwa ilisitishwa mwaka 2005. Nyumba anayoishi mwenyewe haitozwi. Kilichobaki cha maana kwa miji mingi ni majengo ya biashara na ya kupangisha, leseni, na ada za masoko na vituo vya magari. Kila msamaha unaotolewa unawaachia mzigo waliobaki, na waliobaki ni yule mama wa duka anayesikitikiwa na Nyasi Kavu.

Sheria hiyohiyo ya 2005 inatulazimisha kutumia angalau asilimia 75 ya makusanyo ya kodi hii kwa huduma za eneo husika: barabara, taa za barabarani, mifereji, kuzoa taka. Harusi ikifanyika katika ukumbi wa klabu Jumamosi, Jumapili asubuhi lori la taka ni la nani? Sipingi kiwanja cha watoto kusamehewa. Napinga ukumbi wa harusi kupita mlangoni ukiwa umevaa jezi ya mpira. Na kila mtu aliyetembelea uwanja wa Nakivubo kule Kampala tangu ujenzi mpya ameona jinsi maduka yanavyoweza kuuzunguka uwanja. Huwezi kuwaambia wenye maduka ya jirani kwamba ukuta unaotazama goli unabadilisha asili ya duka.

Jambo jingine, msidhani diwani au meya anaweza kuwasamehe kwa kupigiwa simu. Ibara ya 152 ya Katiba inasema kodi haitozwi ila kwa sheria, na aliyepewa na sheria uwezo wa kuondoa au kubadilisha kodi anapaswa kutoa taarifa Bungeni. Anayewaahidi msamaha wa mdomo wakati wa kampeni anawauzia mbuzi kwenye gunia.

Mthamini Mstaafu

Mheshimiwa Diwani amesema sawa kuhusu ukumbi. Nyongeza yangu ni ya utaratibu. Rasimu ya orodha ya tathmini hutangazwa ili watu waitazame, na upo muda uliowekwa wa kupeleka pingamizi kwa maandishi, kisha mahakama ya tathmini husikiliza. Wengi hungoja hati ya madai ndipo wapige kelele, wakati dirisha la pingamizi limekwisha kufungwa. Kama lenu bado liko wazi, pelekeni pingamizi sasa, hata kabla ya kumwandikia waziri. Hoja zenu mbele ya mahakama ya tathmini ziwe za mthamini: maelezo ya mali si sahihi, matumizi yamechanganywa, thamani haikugawanywa. Msiende pale kuhutubia faida za michezo kwa vijana. Wote wanazijua, na haziwasaidii kuandika tarakimu mpya.

Mhazini wa Mashariki

Mzee wangu, nashukuru, na Mheshimiwa Diwani nimekuelewa. Dirisha letu bado lina siku chache. Nimeketi na katibu tumekubaliana hivi: katika pingamizi tutaomba mstari uvunjwe kuwa minne, yaani jukwaa pamoja na vyumba vya nguo, skwoshi, baa, na ukumbi. Baa na ukumbi hatutavibishia, tutalipa. Jukwaa na vyumba vya nguo tutadai kuwa ni vya michezo ya nje, kwa kuwa havina kazi nyingine. Tutaambatanisha ratiba ya ligi ya wilaya, ratiba ya shule zinazotumia kiwanja bila malipo, katiba ya klabu, na hesabu zilizokaguliwa zinazotenganisha mapato ya ukumbi na ada za wanachama. Kwa waziri tutaandika barua ya pekee kuomba klabu ikubaliwe, na nakala itakwenda kwa karani wa mji.

Swali langu ni moja: je, usajili wetu chini ya Sheria ya Taifa ya Michezo ya 2023 unachukua nafasi ya kibali hicho cha waziri?

Wakili wa Mto Nile

Hauchukui. Sheria ya 2023 iliiondoa ile ya Baraza la Taifa la Michezo ya mwaka 1964 na inasimamia utambuzi wa vyama na mashirikisho. Waziri wake ni wa elimu na michezo. Kibali cha kodi ya majengo kinatoka kwa waziri wa serikali za mitaa. Usajili huo ni ushahidi mzuri kwamba mko halali, basi uambatanisheni, lakini msiulete kama jibu. Na kuhusu skwoshi, msiichanganye na jukwaa katika hoja moja. Mkishindwa kwenye skwoshi, isiburute vyumba vya nguo.

Kocha wa Katwe

Wakili, kabla uzi haujazama: nikikusanya vilabu vya ngumi tukamwandikia waziri huyohuyo, anaweza kutukubali?

Wakili wa Mto Nile

Anaweza kulikubali shirika lenu, Kocha, lakini hawezi kuyafuta maneno "michezo ya nje" yaliyowekwa na Bunge, na kibali cha shirika lisilo na mali ya aina hiyo kitabaki karatasi. Barua yenu inafaa iende kwa mbunge wenu na kwa kamati ya Bunge inayoshughulikia serikali za mitaa, ikiomba jedwali lirekebishwe ili lipime uwazi wa klabu na matumizi ya jengo, kama alivyoeleza ndugu wa Ughaibuni. Wekeni humo pia suala la wapangaji: msamaha ukitolewa kwa jengo lililopangishwa kwa klabu, sheria imtake mwenye jengo aonyeshe katika mkataba kwamba kodi ya pango imepunguzwa kwa kiasi hichohicho. Nitakusaidia kuandika vifungu hivyo, nitumie kwanza nakala ya mkataba wenu wa chumba.